Mwalimu Holst na Sayari Zake Saba

Watoto wetu mnaosoma hapa Uingereza mnamjua Gustav Holst, hata kama jina lake halijawahi kuwatoka mdomoni. Ikiwa umewahi kusimama katika ukumbi wa shule mwezi wa Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mkaimba "I Vow to Thee, My Country", basi mahadhi mliyoyaimba ni yake. Ikiwa kwenu mnatazama Kombe la Dunia la raga na mkausikia wimbo "World in Union", ulioanza kutumika mwaka 1991, mahadhi ni yaleyale. Yote mawili yamekatwa kutoka kipande kimoja kikubwa cha okestra kinachoitwa "The Planets", yaani Sayari.

Muhula huu darasa la wakubwa limekuwa likijifunza majina ya sayari kwa Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Tukaona ni wakati mzuri wa kuwaeleza habari za mtu aliyezipa sayari hizo sauti. Na kuna sababu nyingine, ya wazazi zaidi. Holst alikuwa mwalimu wa shule. Karibu kila kitu alichokitunga alikitunga Jumamosi, Jumapili na likizo ya Agosti, kwa sababu siku nyingine alikuwa darasani.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1874 katika mji wa Cheltenham. Ukoo wake haukuwa wa hapa. Babu wa baba yake, Matthias Holst, alizaliwa Riga, mji ambao leo uko Latvia, akafanya kazi ya muziki huko Urusi kabla ya kuhamia Uingereza na familia yake mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo Gustav alikuwa kizazi cha nne tangu wahamiaji wale, na bado jina lake lilikuwa la kigeni: Gustavus Theodore von Holst. Hiyo "von" iwekeni akilini, tutairudia.

Mama yake, Clara, alifariki Gustav akiwa na miaka saba. Baba yake, Adolph, alipiga kinanda kanisani na kufundisha piano, akataka mwanawe awe mpiga piano mkubwa. Mtoto hakuwa na afya ya kazi hiyo. Macho yake yalikuwa dhaifu, alikuwa na pumu, na mkono wake wa kulia ulisumbuliwa na maradhi ya mishipa ya fahamu ambayo hayakumwacha maisha yake yote. Alipofika miaka 12 baba yake akampa tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta na kusukuma, kwa matumaini kwamba kupuliza kungemsaidia pumu. Sijui madaktari wa leo wangesema nini, lakini tromboni ndiyo iliyomlisha baadaye.

Mwaka 1893 aliingia Royal College of Music, London. Baba alikopa pauni 100 kwa jamaa ili kulipia mwaka wa kwanza. Miaka miwili baadaye kijana akapata ufadhili wa masomo, na mwaka huohuo wa 1895 akakutana na mwanafunzi mwenzake, Ralph Vaughan Williams, ambaye naye angekuja kuwa mtunzi mkubwa. Hawa wawili walifanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wetu alijaribu. Kila mmoja alimletea mwenzake kazi yake iliyokuwa haijakamilika, wakakaa siku nzima wakikosoana bila kuoneana haya. Waliendelea hivyo karibu miaka 40, hadi Holst alipokufa.

Alipotoka chuoni, kutunga hakukumpa mkate. Alipiga tromboni katika okestra za opera na katika bendi za starehe, ikiwemo moja iliyojiita ya Vienna na kupiga muziki mwepesi katika miji ya pwani. Alimwoa Isobel Harrison mwaka 1901. Walikuwa wamefahamiana katika kwaya ya wajamaa iliyofanya mazoezi Hammersmith, nyumbani kwa William Morris, na Holst ndiye aliyekuwa akiiongoza. Mtoto wao wa pekee, Imogen, alizaliwa mwaka 1907. Naye alikuwa mtunzi na mwongozaji wa muziki, akaandika habari za baba yake, na mengi tunayoyajua leo tunayajua kwa sababu binti hakuacha yapotee.

Mnamo 1905 Holst aliajiriwa St Paul's Girls' School, Hammersmith, na hakuiacha kazi hiyo mpaka anakufa mwaka 1934. Tangu 1907 aliongeza Morley College, ambako watu wazima waliotoka kazini walikuja jioni kujifunza. Fikirieni makarani na wauza maduka wanaoshika fidla baada ya kutwa nzima ya kazi. Holst hakuwapa vitu vyepesi kwa kuwahurumia. Mwaka 1911 aliwafanya wapige "The Fairy Queen" ya Henry Purcell, kazi ambayo haikuwa imesikika kikamilifu tangu mwisho wa karne ya 17. Nota za kila mpigaji zilibidi zinakiliwe kwa mkono, na walionakili ni wanafunzi wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linalotugusa sisi wa shule za lugha za wikendi. Akiwa kijana Holst alivutiwa na vitabu vitakatifu na hadithi za India ya kale. Alitaka kuzitungia muziki, lakini tafsiri za Kiingereza alizozipata hazikumridhisha. Aliziona zimekauka au zimepambwa kupita kiasi. Angeweza kuishia hapo. Badala yake alijiandikisha University College London akajifunza Kisanskriti, na alama zake za maandishi, ili atafsiri mwenyewe. Hakuwa bingwa. Alitafuta neno mojamoja kwenye kamusi, polepole, kama tunavyofanya sote tunapoanza. Lakini kazi hiyo ilimzalia nyimbo za kwaya kutoka Rig Veda, alizozitunga kati ya 1908 na 1912, na opera fupi inayoitwa "Savitri".

"Savitri" ni ya waimbaji watatu tu, kwaya ndogo, na wapigaji kama 12. Mauti anakuja kumchukua mume wa Savitri, mkata kuni. Savitri hapigi kelele wala hajifichi. Anamkaribisha Mauti kama mgeni, anazungumza naye kwa adabu, na Mauti kwa kufurahishwa anamwambia aombe zawadi yoyote isipokuwa uhai wa mumewe. Savitri anaomba apewe maisha, maisha yaliyokamilika. Mauti anakubali. Ndipo mwanamke anamweleza kwamba maisha yake hayawezi kukamilika bila mumewe, na Mauti, aliyekwisha kutoa neno lake, anaondoka mikono mitupu. Nani kati yetu hakulelewa na hadithi za namna hii, za mtu mnyonge anayemshinda mwenye nguvu kwa neno lililowekwa mahali pake? Opera nzima ni kama nusu saa.

Mwaka 1908, akiwa amechoka na mgonjwa, alishauriwa na daktari aende mahali penye joto. Alikwenda Algeria, akakodi baiskeli akatembea nayo kandokando ya jangwa. Huko alimsikia mpiga filimbi akirudia kipande kimoja kifupi, usiku, bila kuchoka. Alikichukua akakiweka katika kazi ya okestra aliyoiita "Beni Mora", na katika sehemu ya mwisho kipande hicho kinarudiwa zaidi ya mara 100 huku mengine yakibadilika kukizunguka. Ilipopigwa London mwaka 1912 baadhi ya wasikilizaji walinung'unika. Wazazi waliokulia kwenye ngoma za harusi hawatashangazwa na kurudia. Wanajua kwamba kinachorudiwa ndicho kinachokushika.

Haya, sayari.

Mwaka 1913 Holst alikwenda likizo Majorca na marafiki, na mmoja wao, mwandishi Clifford Bax, akamfungulia habari za unajimu, ule wa kuangalia nyota za mtu. Baadhi ya wazazi watakunja uso hapa, nami sitawalaumu. Holst alipenda kuwaangalizia marafiki nyota zao kama mchezo, lakini alichokichukua kwa ajili ya muziki ni tabia tu: kila sayari katika masimulizi ya zamani ina tabia yake, na kila tabia ilimpa wazo la sauti. Ndiyo maana mpangilio wake si ule wa vitabu vya sayansi, na ndiyo maana Dunia haimo. Hata wataalamu wa falaki wa pwani yetu walizitaja sayari kwa majina yaleyale tunayowafundisha watoto, yaliyotoka katika Kiarabu. Uranus na Neptuni hazina jina la zamani kwa sababu hazikujulikana kuwa sayari mpaka 1781 na 1846, baada ya darubini kuja. (Vitabu vingine vya shule huiita Utaridi "Zebaki". Mimi zebaki naijua kuwa ile madini majimaji ya kwenye kipimajoto, lakini tusigombane.)

Alianza kutunga mwaka 1914 akamaliza 1917. Shule ya St Paul's ilikuwa imejenga jengo jipya la muziki, na ndani yake Holst alipata chumba kilichozuia kelele. Wikendi shule ikiwa tupu alijifungia humo. Mkono wake uliuma kiasi kwamba hakuweza kuandika okestra nzima peke yake, basi walimu wenzake wawili, Vally Lasker na Nora Day, walikaa naye wakiandika nota kwa maelekezo yake. Kwa hiyo ukiona kitabu kimeandika kwamba "The Planets" ni kazi ya mtu mmoja, ni kweli, lakini mikono ilikuwa zaidi ya miwili.

Ya kwanza ni Mirihi, Mleta Vita. Watoto, chukueni kijiko mgonge meza mkihesabu moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano. Muziki mwingi mnaoujua unakwenda kwa nne au tatu, miguu inajua pa kukanyaga. Mirihi inakwenda kwa tano, kwa hiyo mwili haupati pa kupumzika. Fidla zinapigwa kwa upande wa mti wa upinde badala ya nywele zake, zikatoa sauti kavu kama mifupa. Watu walipoisikia baada ya vita walidhani Holst alikuwa anaelezea vifaru na mizinga. Ukweli ni kwamba alikuwa ameiwaza kabla vita havijaanza Agosti 1914. Watazamaji wengi wa filamu za Star Wars husema wanausikia mwangwi wake ndani ya sinema, na nadhani hawajakosea.

Baada yake inakuja Zuhura, Mleta Amani, na kama kuna Zuhura darasani kwenu mwambieni hii ni yake: pembe moja inaita, filimbi zinaitika, hakuna haraka. Utaridi, Mjumbe Mwenye Mabawa, inapita mbio, dakika nne tu imekwisha. Mshtarii, Mleta Furaha, ndiyo yenye mahadhi yale ya shuleni, katikati yake, yakizungukwa na shangwe kama ya sikukuu. Mwaka 1921 Holst alipoombwa ayatungie mashairi muziki aliona maneno yale yanaingia vizuri katika mahadhi haya, akayaazima. Kwa watu wengi wimbo ulikuja kuwa mzito na wa majonzi. Ndani ya Mshtarii hauko hivyo, na inafaa kuusikia kwanza pale ulipozaliwa.

Zohali, Mleta Uzee, ndiyo Holst mwenyewe aliyoipenda kuliko zote, nami namfuata. Inaanza kwa sauti mbili zinazopokezana kama saa ya ukutani katika nyumba ambayo watoto wamekwisha kuondoka. Polepole tromboni zinaingia kwa mwendo wa msafara, unakua, unakuwa wa kutisha, kengele zinalia kama kuna moto. Halafu hofu inapita. Saa bado inapiga, lakini sasa haikuogopeshi. Msikilize na bibi au babu, ikiwa mnao karibu, au mpigieni simu msikilize pamoja.

Uranus, Mchawi, ni ya vichekesho na vishindo. Na Neptuni, ya Mafumbo, ni ya mwisho, nitaifikia.

Wakati haya yote yakitungwa nje kulikuwa na vita, na mtu aitwaye von Holst hakuwa na raha. Alijaribu kujiunga na jeshi akakataliwa kwa ajili ya mkono na macho. Mkewe aliendesha magari ya wagonjwa, Vaughan Williams alikuwa vitani, na mtunzi mwenzao George Butterworth aliuawa huko Somme mwaka 1916. Holst alibaki akifundisha wasichana kuimba. Katika kijiji cha Thaxted, Essex, alikokuwa amepanga nyumba, baadhi ya watu walimtilia shaka kwa sababu ya jina la Kijerumani na matembezi yake marefu. Hakuwa Mjerumani. Hata ile "von" ya kiungwana haikuwa ya urithi: babu yake, mwalimu wa kinubi, alijiongezea ili apate heshima na wanafunzi. Lakini shaka haisomi historia ya ukoo. Mwaka 1918 alipopata nafasi ya kwenda na YMCA kuwafundisha muziki askari waliokuwa Thessaloniki na Istanbul wakisubiri kurudi makwao, aliambiwa jina hilo halitafaa. Akalifuta kisheria. Tangu hapo akawa Gustav Holst, basi.

Familia nyingi hapa zinajua jambo hili kwa njia zao: jina lililofupishwa kazini, au lililoandikwa ovyo katika karatasi za uhamiaji likabaki hivyo, au ambalo mtoto analisikia likiharibiwa kila asubuhi mwalimu anapoita majina. Holst hakuonekana kuilalamikia sana "von" iliyoondoka. Nadhani alijua ilitoka wapi. Jina Holst lenyewe, lililotoka Riga, halikuguswa.

Kabla ya safari rafiki yake tajiri, Balfour Gardiner, alimpa zawadi: ukumbi wa Queen's Hall, okestra kamili, asubuhi moja, ili aisikie "The Planets" walau mara moja. Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Septemba 1918. Mwongozaji alikuwa Adrian Boult, bado kijana, na okestra ilikuwa imefanya mazoezi kwa muda usiofika saa mbili. Waalikwa walikuwa kama 250. Inasimuliwa kwamba Mshtarii ilipopigwa wanawake waliokuwa wakisugua sakafu kwenye korido waliweka chini brashi zao wakacheza. Na katika Neptuni, ambako kwaya ya wanawake huimba bila maneno na bila kuonekana, walioimba walikuwa wanafunzi wake mwenyewe, wa St Paul's na wa Morley.

Umaarufu ulipomjia, baada ya kazi nzima kupigwa hadharani mwaka 1920, haukumpendeza. Alikataa kuwapa watu saini, hakupenda mahojiano, na alichoshwa na watu waliotaka sayari tu na si kingine. Mwaka 1923 alianguka kutoka jukwaani mjini Reading akiwa anaongoza okestra, akaumia kichwa, na mwaka uliofuata madaktari wakamlazimisha aache karibu kazi zote ila St Paul's. Alitunga hadi mwisho. "Egdon Heath" ya 1927, kuhusu nyika ya Dorset iliyoelezwa na Thomas Hardy, aliihesabu kuwa kazi yake bora, ingawa ni kimya na kavu na haikumpa sifa za Mshtarii. Mwaka 1932 alifundisha kwa muda mfupi Harvard, Marekani, akaugua huko. Mwaka 1933 aliitungia okestra ya watoto wadogo wa shuleni kwake "Brook Green Suite". Alifariki tarehe 25 Mei 1934, baada ya upasuaji, akiwa na miaka 59. Majivu yake yamezikwa katika kanisa kuu la Chichester. Nyumba aliyozaliwa, huko Cheltenham, sasa ni makumbusho, na inafaa kwa safari ya siku moja na watoto.

Watoto wanaopiga vyombo vya nyuzi shuleni waombeni walimu wenu "St Paul's Suite", aliyoitunga kwa wanafunzi wa rika lenu. Wale wa vyombo vya kupuliza waulizeni kuhusu "First Suite" ya mwaka 1909 kwa bendi ya jeshi. Na kama mnataka kumsikia mwenyewe, aliongoza "The Planets" ikarekodiwa mara mbili katika miaka ya 1920. Sauti ina mikwaruzo ya sahani za zamani, mwendo ni wa haraka kuliko wa siku hizi.

Neptuni msiisikilize ndani ya gari. Subirini usiku, zimeni televisheni. Hakuna wimbo wa kuukariri humo, ni ukungu tu na vinubi, halafu sauti za wanawake zinaingia msijue zimetoka wapi. Holst aliandika katika nota zake kwamba kwaya ikae katika chumba cha pembeni, mlango ukiwa wazi, na kipande cha mwisho kirudiwe huku mtu akiufunga mlango polepole, kidogo kidogo, mpaka sauti ipotee. Mtoto mmoja ashike saa aone ni dakika ya ngapi kila mmoja wenu alisema, "Sasa siisikii tena." Kwetu hatukukubaliana.